Masaa ya huduma kwa jamii na masharti ya kuhitimu shule ya Kikristo Dar, jinsi ya kujipanga toka fomu wani mpaka mahafali

Kila ukikaribia msimu wa mahafali simu za wazazi zinaanza na nyingi zinafanana kabisa, mtoto yuko mwaka wa mwisho, ada imeisha, nguo ya mahafali ishashonwa, ndugu wa Moshi na Mwanza washakata tiketi, halafu shule inasema masaa ya huduma kwa jamii hayajatimia. Mimi nasimamia hiyo huduma kwenye shule moja ya Kikristo hapa Dar, na kinachoniuma ni kwamba karibu wote hawa wangemaliza bila presha kama mtu angewaelekeza mapema. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua, mzazi asome na mtoto asome, hasa kama ndo kwanza ameingia kidato cha kwanza au gredi ya 9.

Kitu kimoja nakisema kabisa kabla sijaanza maana vyote vinavyofuata vimekaa juu yake: usianze na masaa, anza na watu. Mtoto anayesaka masaa atazunguka vituo vyote vya jiji na mwisho atakosa hata wa kumsainia, ila aliyepata sehemu moja wanayomhitaji kweli na akawa anaenda bila kukosa, masaa yatajaa yenyewe.

Hatua ya 1: Jua shule yako iko mfumo gani

Shule za Kikristo Dar ziko za kila aina, za Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste, na zile za kimataifa ambazo haziko chini ya kanisa moja. Ila kwenye suala la kuhitimu angalia mfumo wa masomo, sio kanisa.

Kama ni shule ya NECTA, yani inayofanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba na wa kidato cha sita ni Mei, na mahafali karibu zote zinafanyika KABLA ya mtihani. Yani ile siku ya keki na maturubai mtoto anapewa cheti cha shule, sio ufaulu. Ufaulu unakuja na divisheni, ambayo kwa fomu foo inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi 7 mpaka 17 ndo divisheni wani. NECTA hawana habari na masaa ya huduma. Sharti la huduma ni la shule yenyewe, na linabana kwenye vile vitu ambavyo mkuu wa shule ndo anatoa, cheti cha kumaliza shule (kile tunachoita livingi) pale kwenye sehemu ya tabia, barua ya utambulisho, na tuzo za mahafali.

Kama ni Cambridge, yani mitihani ya Uingereza, mtoto anapimwa na kupewa gredi somo kwa somo, IGCSE (kama fomu foo) halafu A-Level (kama fomu siksi). Diploma ya kuhitimu ni ya shule, na humo ndani ya diploma ya shule ndo masaa ya huduma yanakaa.

Mfumo wa Kimarekani ndo unaochanganya wazazi zaidi. Huko hakuna mtihani mmoja mkubwa wa mwisho, kuna krediti. Somo moja la mwaka mzima kwa kawaida ni krediti 1, la semista moja ni nusu, na kipimo cha asili cha krediti moja ni kama masaa 120 ya darasani. Mtoto anakusanya krediti toka gredi ya 9 mpaka ya 12, mara nyingi Kiingereza miaka yote minne, hesabu na sayansi miaka mitatu au zaidi, na kwa shule ya Kikristo somo la Biblia kila mwaka anaokuwepo pale. Sasa hapo sikiliza vizuri mzazi: Biblia nayo ni krediti. Nimeona vijana wazuri wa fizikia wanalidharau somo la Biblia kwa kudhani ni la kupumzikia, wanafeli semista moja, halafu gredi ya 12 wanajikuta wanarudia likizo ili jumla itimie.

Kuna wazazi wanakasirika, nimelipa ada asome, sio akafagie. Nawaelewa, ila hili halijaanzia kwenye shule za dini wala sio mambo ya wazungu peke yao. Jimbo la Maryland kule Marekani linadai masaa 75 ya huduma hata kwa mwanafunzi wa shule ya serikali, Ontario kule Kanada ni 40. Na sisi wenyewe toka sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tunasema mwanafunzi asitenganishwe na jamii inayomsomesha. Babu zake walilima shamba la shule, yeye leo anaombwa Jumamosi kadhaa.

Hatua ya 2: Pata masharti kwa maandishi

Usiridhike na alichosema mwalimu getini wala kilichopita kwenye grupu la wazazi. Nenda ofisi ya taaluma omba karatasi ya masharti ya kuhitimu ya darasa la mtoto wako, maana shule zinabadilisha na wa mwaka jana anaweza kuwa na masharti tofauti. Uliza haya: masaa ni mangapi kwa mwaka na kwa jumla, yakizidi mwaka huu yanahamia mwaka ujao au yanapotea, likizo inahesabika, nani anaruhusiwa kusaini, na dedilaini ya mwaka wa mwisho ni lini. Mtoto aliyehamia katikati, labda katoka shule ya NECTA kaingia gredi ya 11, uliza kama masaa yanapunguzwa kulingana na miaka aliyobakiza, na jibu likiwa ndio waombe waliandike.

Halafu uliza kisichohesabika, na swali hili wengi hawaulizi. Kwa kawaida kazi unayolipwa haihesabiki, kazi za nyumbani kwenu au dukani kwa mjomba hazihesabiki, na usafi wa shule ambao ni wajibu wa kila mwanafunzi hauhesabiki. Utata mkubwa uko kwenye kanisa. Kuimba kwaya kwenye kanisa lenu shule nyingi zinaliona kama ibada yako wewe, lakini kufundisha watoto Sunday school kila Jumapili zipo zinazolikubali, zingine kwa kiwango tu, labda nusu ya masaa. Mimi naona hiyo nusu ni haki, maana kijana akimaliza masaa yote ndani ya kuta za kanisa lake atahitimu bila kukutana na mtu asiyemjua.

Hatua ya 3: Piga hesabu mapema

Tuseme kwa mfano shule inataka masaa 60 kwa miaka minne. Hiyo ni 15 kwa mwaka. Jumamosi moja ya masaa mawili na nusu, mara sita, mwaka umeisha. Ukiliacha mpaka mwaka wa mwisho inakuwa Jumamosi 24 za namna hiyo, kwenye mwaka ule ule wa moko (mitihani ya majaribio), tuisheni na maombi ya vyuo. Hakuna mtoto anayeweza bila kuharibu kimojawapo, na kinachoharibika mara nyingi ni ile huduma, anaenda amenuna.

Ukipanga tarehe angalia na hali ya jiji. Masika ni Machi mpaka Mei, bonde la Jangwani likijaa maji barabara inafungwa na aliyetakiwa kuvuka kwenda upande wa pili hatofika. Vuli nayo Oktoba mpaka Desemba inagongana na mitihani. Miezi mizuri Dar ni Juni mpaka Septemba, pakavu na jua sio kali sana, pamoja na Januari na Februari kwa anayestahimili joto. Kwa familia za Wasabato mpange Jumapili toka mwanzo, msisubiri mpaka mtoto apangiwe Jumamosi halafu muanze kuandika barua. Na vijana Waislamu, ambao tunao wengi tu kwenye shule zetu, wanafanya huduma ile ile kama wenzao, mwezi wa Ramadhani tunawapa zamu za asubuhi au kazi isiyo ya juani.

Hatua ya 4: Chagua sehemu, na hapa usikimbie

Hii ndo hatua yenye uzito kuliko zote. Dar ina sehemu nyingi. Kuna makazi ya wazee Nunge kule Kigamboni, kuna makao ya watoto Kurasini na Msimbazi, kuna shule ya viziwi Buguruni, kuna Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo inayosomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona, kuna hospitali ya CCBRT kule Msasani. Kuna usafi wa fukwe, na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ni ya usafi nchi nzima, serikali ya mtaa wenu wenyewe inahitaji mikono. Na kuna shule ya msingi ya jirani yenye darasa limejaa na mwalimu mmoja, ambayo wengi wanaipita kila siku wakiwa kwenye basi la shule wakienda kutafuta huduma mbali.

Namna ya kuchagua ni hii. Kwanza mtoto ajiulize anaweza kutoa nini mara kwa mara. Anayejua hesabu akafundishe hesabu, anayependa kukaa na watu wazima aende kwa wazee, asiyependa kuongea sana akapande miti au apange vitabu maktaba. Pili umbali. Kama anaishi Mbezi na kituo kiko Kigamboni, atafika kwa daladala mbili na kivuko, mwezi wa kwanza atakuwa na moto, wa pili ataanza visingizio. Tatu umri. Mfano kuchangia damu ni huduma nzuri sana lakini Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wanachukua kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, kwahiyo mwanafunzi wa fomu tuu hawezi, ila anaweza kuhamasisha wazazi na walimu waje siku ya zoezi, kuandaa viti na juisi, na hayo masaa yakahesabika.

Nne, na hii naomba muishike sana, ULIZENI WANAHITAJI NINI kabla hamjaenda. Vituo vya watoto ikifika Krismasi vinafurika wageni, kila grupu na biskuti na soda na kamera, halafu mwezi wa pili hakuna anayepiga hodi. Mlezi mmoja aliwahi kuniambia biskuti wanazo za kutosha, wanachokosa ni mtu wa kukaa na watoto wa darasa la nne jioni wafanye homuwek. Tukapeleka vijana wanne kila Jumatano. Hawakubeba kitu zaidi ya kalamu na yale madaftari yao ya zamani yaliyobaki kurasa.

Hatua ya 5: Barua na ruhusa

Shule iandike barua ya utambulisho yenye kichwa cha barua, muhuri, majina ya wanafunzi, siku na muda, na jina la mwalimu anayeongozana nao. Kwa kituo cha watoto usishangae wakikuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa kwanza, ni utaratibu mzuri, unalinda wale watoto. Kwa kazi za mtaani barua inaenda kwa mtendaji. Peleka wiki mbili tatu kabla, usiende nayo mkononi siku ya kazi. Mzazi naye asaini fomu ya ridhaa maana kisheria aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto, na fomu iwe na namba ya simu inayopatikana, sio ile ya laini iliyokufa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Sare au tisheti ya shule, viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa, na nauli ya kwenda na kurudi. Mufike kwa wakati. Simu zikae kwenye begi la mwalimu. Picha za watoto wa kituo hazipigwi, wagonjwa hawapigwi, mzee anayelishwa hapigwi, hata kama mlezi kasema haina shida. Mwanafunzi asibaki peke yake chumbani na mtoto wa kituo, wawe wawili wawili na mlango wazi, hii ni kwa usalama wa pande zote mbili. Wasiahidi kitu, maana mtoto wa kituo akiambiwa "nitakuja tena Jumamosi" anakaa getini Jumamosi. Na warudi kabla giza halijaingia.

Kwa wazee kuna jambo la ziada. Vijana wengi wanaingia na ndoo na mifagio wanafagia haraka haraka wanamaliza, halafu wanasimama hawajui wafanye nini. Kazi bado haijaisha, tena ndo inaanza. Kaa chini. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alimwamkia bibi, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, wewe mtoto wa nani, na kabla hajamaliza kujibu bibi kanyoosha miguu, kucha zimekuwa ndefu mpaka zimejikunja. Akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, akailoweka ile miguu kwanza zilainike, akazikata moja moja taratibu huku bibi anamsimulia alivyokuja Dar kwa treni enzi za ujana wake. Ilichukua karibu saa nzima. Kwenye fomu ilikuja kuandikwa "kukata kucha" na kuna mwalimu akauliza kama hiyo ni huduma ya saa nzima. Nikamjibu ndio, tena niongeze.

Hatua ya 7: Daftari na saini

Andika siku hiyo hiyo kabla hujaondoka. Tarehe, muda wa kuingia, muda wa kutoka, kazi uliyofanya, jina na cheo cha aliyekusimamia, saini, na muhuri kama wanao. Muda wa safari hauhesabiki mpaka shule iseme unahesabika. Usiandike "kusaidia kituo, masaa 3". Andika "9:00 hadi 11:30 jioni, nimefundisha kugawanya watoto watano wa darasa la nne, wawili bado wanakwama kwenye kubakiza". Ukisoma ya pili unaona mtu alikuwepo. Mkusanyiko wa saini za mwaka mzima siku moja mwezi wa kumi nazikataa, na mlezi akibadilishwa kituo au akienda likizo hata ungekuwa ulifanya kweli huna ushahidi. Kila mwisho wa muhula piga picha kurasa zote mtumie mzazi.

Kuhusu kufoji saini nitasema kwa ufupi, usifoji. Tunapiga simu.

Kuna swali vijana wananiuliza kila mwaka na ni swali zuri: mwalimu, Yesu kasema kwenye Mathayo 6 mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kuume, mbona sisi tunasainiwa? Nawajibu hivi, saini ni ya shule, ni hesabu kama mahudhurio ya darasani, inaishia kwenye faili. Kinachokatazwa pale ni kufanya ili uonwe na watu. Kwahiyo daftari jaza, ila usiposti. Na masaa yakitimia endelea kwenda hata mara mbili tatu bila daftari kabisa, pale ndo utajua mwenyewe ulikuwa unaenda kwa ajili gani. Wapo waliomaliza chuo na bado wanaenda, daftari walishalikabidhi zamani.

Hatua ya 8: Ripoti ya tafakari

Shule nyingi zinadai ukurasa mmoja au miwili. Sentensi nayoiona mara nyingi ni "nimejifunza kushukuru kwa nilichonacho". Naomba muiache. Mtu mwingine sio kioo cha kujitazamia wewe ulivyobarikiwa. Andika ulichokiona, kilichokushinda, swali ulilorudi nalo. Kijana mmoja aliandika kwamba kwenye ile shule ya jirani watoto wa mstari wa nyuma walikuwa hawaoni ubao kabisa, akadhani hawana akili, alipowahamishia mbele wakaanza kujibu. Akamalizia na swali, nani anawapima macho? Hiyo ndo tafakari, na muhula uliofuata hilo swali likawa projekti ya darasa zima. Tumia na Maandiko kama yamekugusa kweli, Isaya 58 au Mathayo 25, lakini usiyabandike tu ili ripoti ionekane ya kiroho.

Hatua ya 9: Makaratasi ya mwisho

Miezi mitatu kabla ya mahafali nenda ofisi ya taaluma uhakiki vitu hivi kwa macho yako: krediti au masomo, masaa ya huduma yaliyoingizwa (sio uliyonayo wewe kwenye daftari, yaliyoingizwa kwao), ripoti, na klirensi, yani vitabu vya maktaba, ada, na kama kuna kiti ulivunja bweni. Kosa likigunduliwa hapo linarekebishika. Likigunduliwa wiki ya mahafali mtoto anaweza kupita jukwaani akapewa bahasha tupu, au asipite kabisa, inategemea na shule.

Angalia majina. Majina kwenye transkripti (karatasi ya shule yenye matokeo ya masomo yote), cheti cha huduma, na cheti cha kuzaliwa cha RITA yawe sawa na yafuatane sawa. Ukiwa na Emanuel huku na Emmanuel kule utahangaika kwenye maombi ya mkopo Bodi ya Mikopo (HESLB), kwenye chuo, mpaka kwenye pasipoti.

Kwa waliosoma Kimarekani au Cambridge na wanataka chuo cha hapa hapa Tanzania, peleka vyeti NECTA Mikocheni wavilinganishe na vya kwetu, na hili ulizia mapema kabisa, ikiwezekana gredi ya 10 au ya 11, ujue masomo gani mtoto ayachukue ili ulinganifu ukitoka asikose sifa. Wa kidato cha sita wajipange pia na JKT baada ya mtihani, kwahiyo masaa ya huduma yasiachwe yakamaliziwe "baada ya pepa", baada ya pepa mtoto atakuwa kambini.

Omba transkripti mbili tatu zilizofungwa kwenye bahasha yenye muhuri pamoja na barua ya huduma inayotaja kituo, kipindi na jumla ya masaa. Skani zote siku hiyo hiyo uhifadhi kwenye barua pepe ya mtoto na ya mzazi. Halafu barua ya asante ipelekwe kituoni na mwanafunzi mwenyewe, kwa mkono, na akienda awaeleze wazi kama atarudi au harudi, ili wajue kama wamtafute mtu mwingine wa ile Jumatano.